Namba 5 Hayumo Kwenye Orodha

Kwanza niseme mi sio mbea. Najua hivyo ndo wambea wote wanavyoanza, ila ngoja nimalize halafu mtanihukumu vizuri.

Chanzo cha yote ni kitabu. Tuna kikundi chetu cha kusoma, watu kama kumi hivi, kila mwezi kitabu kimoja, tunakisoma halafu tunakutana tunabishana mpaka wengine tunanuniana. Mwezi huo ikaletwa riwaya ya upelelezi, mwandishi mgeni kabisa, ndo kitabu chake cha kwanza, na hadithi yenyewe iko Uingereza kiangazi cha 1976, mtaa mmoja una nyumba nane, mpangaji wa nyumba namba 5 anatoweka usiku mmoja na joto lote lile na asubuhi kila jirani anatoka nje kuangalia maua yake kama hakuna kilichotokea. Polisi wanakuja, wanaondoka, daktari anapita na mkoba wake, kina mama wanafungua pazia kidogo wanafunga. Ndo hivyo mpaka ukurasa wa tisini.

Watu wakagawanyika kabla hata hawajafika nusu. Kuna walioipenda kufa, eti imewarudisha utotoni, simu ya kuzungusha namba kwa kidole, redio ya mbao, TV ya chogo ambayo mpaka uipige kofi ndo picha inakaa sawa. Kuna waliosema wamechoka, majina mengi, siri nyingi, na mwandishi kila akikwama kwenye hadithi anatoa redio nyingine ya zamani anaiweka mezani tuiangalie. Mi nilikuwa katikati. Niliona kabisa ni kitabu cha kwanza, maana mwandishi ametia kila alichokuwa nacho, kama mtu wa safari ya kwanza ambaye begi limegoma kufunga mpaka amelikalia. Lakini zile siri zilinikamata jamani. Na kwa kiherehere changu nikawaambia wenzangu mi nitamtaja mhusika kabla sijafika kurasa hamsini za mwisho, nikishindwa nawanunulia wote kitabu cha mwezi ujao.

Sasa ukishaahidi kitu kama hicho huwezi kusoma hivi hivi tu. Hivi vitabu vina taratibu zake. Agatha Christie kitabu chake cha kwanza kilitoka 1920 na ndani kina ramani ya nyumba, chumba cha nani kiko wapi, ili na wewe msomaji upeleleze. Mwaka 1929 padri mmoja, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa anaandika hizi hadithi, akaweka amri kumi za mchezo, na ya kwanza kabisa inasema mhalifu lazima awe ametajwa mapema. Maana yake ni kwamba kila anayepita kurasa za mwanzo ni mshukiwa, hata awe amekuja kuomba kiberiti tu. Kwahiyo nikachukua kalamu na karatasi iliyokuwa karibu nikaanza kuorodhesha.

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa bili yangu ya maji.

Nikaandika nyuma yake. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

NAMBA 1 – anajifanya mgonjwa
NAMBA 2 – ndoa hamna pale, maonyesho tu
NAMBA 3 – mtoto si wa baba yake?? angalia masikio, uk. 112
NAMBA 4 – mjane. Halii. KWA NINI HALII
NAMBA 6 – nani analala chumba cha nyuma?
NAMBA 7 – MWONGO. Usiku ule alikuwa wapi
NAMBA 8 – hiyo mikono!!! namshuku sana

Namba 5 sikuandika kitu maana huyo ndo katoweka, utamshuku vipi.

Mmeanza kuliona tatizo? Jengo ninalokaa lina nyumba nane. Mimi nakaa namba 5.

Ile bili nikawa naitumia kuweka alama nilipofikia. Siku moja natoka asubuhi nimechelewa, kitabu kwapani, funguo mdomoni, simu inaita, nashuka ngazi mbio, na bila shaka pale ndo ilipodondoka. Ikaokotwa na mlinzi wetu, kijana mwema sana, mchapakazi, akaona namba za nyumba, akaona herufi kubwa, akajua hili ni tangazo la kamati ya jengo limepeperuka. Akalirudisha kwenye ubao wa matangazo pale getini. Akalibandika kwa pini nne, kila kona pini yake, lisije likapeperuka tena.

Likakaa pale siku nzima.

Mi nimerudi jioni sina habari. Kwenye ngazi nimesalimia watu watatu, aliyenijibu ni paka. Nikasema labda watu wamechoka, siku za katikati ya wiki hizi. Nikaingia ndani, nafungua kitabu naona alama yangu haipo, nikatafuta chini ya kochi, nikaacha.

Saa mbili usiku, hodi. Namba 4. Mama mwenye nyumba na mume wake, ambaye kazi yake ni ya safari, anaonekana wiki moja anapotea tatu, na siku hiyo ndo alikuwa ameshuka tu hata begi hajafungua.

"Jirani, samahani kwa usumbufu," akasema kwa ule upole wa mtu anayejizuia. "Nilikuwa nauliza tu. Mimi nimekufa lini?"

Sikuelewa. Nikamwangalia mke.

"Na mimi," mke akasema, "nilitakiwa nianze kulia saa ngapi?"

Ndo nikaiona karatasi mkononi mwa mume. Matundu manne kwenye kona. Akaigeuza taratibu ule upande mwingine, jina langu, namba ya nyumba, na deni, vyote vimechapwa vizuri kwa mashine. Yaani upelelezi wa jengo zima kumtafuta mwandishi ulichukua sekunde mbili, kugeuza karatasi.

Nikaanza kujieleza, hiki ni kitabu jamani, riwaya, watu wa Uingereza, mwaka 1976, na nilivyokuwa napanda sauti ndo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mume akatikisa kichwa. "Habari za kitabu tunazo. Tumeambiwa umeshafika ukurasa wa 112." Kumbe ile "uk. 112" mchana kutwa pale getini ilikuwa imeshatafsiriwa, kwamba nina faili la majirani, na namba 3 peke yao wameanzia ukurasa wa 112.

Kabla sijamjibu akatokea baba wa namba 3. Amembeba mwanae wa miaka sita, kavalishwa nguo za kulalia, usingizi umemjaa. Akamsimamisha mlangoni kwangu, akainama kichwa chake kikawa sawasawa na cha mtoto. "Linganisha." Jamani. Yale masikio yalikuwa fotokopi. Yamesimama vilevile, ncha ya kushoto imejikunja vilevile, nadhani hata Knox mwenyewe angeona kesi imeisha. Nikasema yanafanana sana. Akasema "Sauti." Nikasema YANAFANANA SANA. Mtoto akapiga mwayo wakaondoka.

Namba 1 alikuwa kazini kwake amepewa mapumziko ya siku kumi kwa ajili ya mgongo. Huo mgongo aliupandisha ngazi mbilimbili kuja kunifokea mimi kwamba nataka kumharibia kazi. Sikusema kitu, niliangalia tu miguu yake, naye akaona naangalia miguu yake, akashuka taratibu ameshika kiuno. Mama wa namba 8, fundi cherehani, alikuja mikono ameificha nyuma, "mikono yangu imefanyaje?" na kwakweli huyo alinitia huzuni maana nilimwona hata wiki mbili baadaye anatembea amekunja ngumi.

Mzee wa namba 7, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakugomba kabisa. Alisimama mlangoni akauliza swali moja.

"Usiku upi?"

Nikamwambia hakuna usiku wowote mzee wangu, ni kitabu.

"Sawa," akasema, na nikaona mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Mpaka leo sijui usiku upi.

Karibu saa sita, nimeshazima taa, nikasikia kugongwa kwa ukucha. Namba 6. Akaingia mwenyewe akafunga mlango nyuma yake akaninong'oneza, "Nani kakuambia?" Nikamuuliza kaniambia nini. Akaanza kunieleza habari za mpwa wake aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana miezi saba kwenye chumba cha nyuma, na mwenye jengo akijua atapandisha kodi, kwahiyo kijana anatoka alfajiri na kurudi usiku, na kuoga anaoga kwa kikombe ili maji yasisikike. Nikamuomba aache, sitaki kujua. Akaendelea. Nilijua vitu vingi sana usiku ule ambavyo sikuwa navijua wakati naandika orodha.

Namba 2 hawakuja. Huko ndo kulikonikosesha usingizi. Tumegawana ukuta, na kwa kawaida nasikia wanaongea mpaka saa nne, ila usiku huo kimya. Mtu ukimsingizia anakuja kukugombeza. Hawa wamekaa tu.

Kesho yake kamati ikaamua, kama nasema kweli kuna kitabu basi kitabu kitolewe, kila nyumba iangalie namba yake. Nikakitoa. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 288 kati ya 342. Nikaomba wanisubiri siku mbili nimalize, nikaambiwa mshtakiwa hakai na ushahidi.

Kikaanza kuzunguka, na hapo ndo nilijifunza watu wanavyosoma. Namba 4 walisoma habari za mjane tu, mume anamsomea mke kwa sauti, na hitimisho lao ni kwamba yule mjane ana haki ya kutolia, na kitabu kingekuwa kizuri zaidi kama kingekuwa chake peke yake. Baba wa namba 3 alikwenda moja kwa moja ukurasa wa 112, akakuta kweli kuna masikio, akaniletea aya hiyo kwenye simu ameipiga picha, "basi yaishe", halafu akarudi mwanzo akasoma chote na sasa ana hasira na mwandishi badala yangu, anasema vidokezo vimefichwa kwenye maelezo ya makabati. Mama wa namba 8 alisema hakijampendeza, polepole mno, kurasa tisini watu wanafungua na kufunga mapazia na hakuna hata mmoja ametaja pazia limeshonwaje. Namba 1 hakusoma, aliuliza wenzake, na ndo mwenye maoni mengi kuliko wote.

Aliyekifaidi ni mzee wa namba 7. Alikaa nacho siku tisa. Siku hizo akikukuta kwenye ngazi hupiti bila darasa, kwamba joto lile lilikuwa la kweli kabisa, kuanzia 23 Juni mpaka 7 Julai 1976, siku 15 mfululizo, kila siku kuna sehemu ya Uingereza imevuka nyuzi 32, mito ikakauka, kuna mitaa watu walipanga foleni na ndoo kwenye bomba la barabarani. Mwezi wa nane serikali ikamteua Denis Howell awe waziri wa ukame. "Waziri wa ukame!" mzee anacheka mpaka anashika ukuta. "Siku chache tu baada ya kuteuliwa, mvua ikanyesha mpaka mafuriko." Anasema ile hadithi yenyewe ni ya kawaida, ila hali ya hewa ameipa alama tisini.

Sasa tatizo likawa jipya. Jengo zima linajua nani alimpoteza yule mpangaji isipokuwa mimi. Napita watu wanaongea kwenye ngazi, wakiniona wananyamaza, na safari hii hawanyamazi kwa kununa, wananyamaza huku wanacheka. Mlinzi naye alishasimuliwa. Aliniambia, "Mwisho wake mzuri bosi, sikuambii." Siku ya kikundi ikafika kitabu bado kiko namba 2, nikaenda mikono mitupu, nikawasimulia wenzangu yote haya nikitegemea huruma. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Halafu wakanikumbusha idadi ya vitabu vya kununua.

Namba 2 walikileta wenyewe, wote wawili, wameshikana mikono kitu ambacho sijawahi kuona tangu nihamie. Mume akanipa kitabu akasema "asante" na mke akasema "asante sana" na wakaondoka, hawakueleza asante ya nini na mimi nimeshajifunza kutouliza.

Nikafunga mlango, nikazima simu, nikakaa. Kitabu kimevimba, kava limekunjika, kina harufu ya nyumba saba. Na kwenye ukurasa wa 288 pale pale nilipoishia, wameweka bili yangu ya maji, matundu manne kwenye kona. Chini ya orodha yangu kulikuwa na nyongeza, kila mstari na mwandiko wake:

NAMBA 5 – anaimba bafuni. Anajua anavyosikika?
NAMBA 5 – takataka zake anatupa kwenye pipa la namba 3. TUNAJUA
NAMBA 5 – mikono laini, hafui
NAMBA 5 – anasema anafanya mazoezi asubuhi. Wapi?
NAMBA 5 – bili hii ni ya mwezi wa tatu. Geuza uone

Na mwisho kabisa, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, mstari umenyooka kama umepigiwa rula:

Ni daktari. Uk. 331.