Babu alikuwa Keya, mimi niko kea

Kila nikipiga simu nyumbani Iringa hakosi mtu wa kuniuliza, eti ni kweli huko wazungu wanatupa wazee wao? Na mimi ndo wa kuulizwa maana kazi yangu ni hiyohiyo, kuwaosha na kuwalisha hao wazee waliotupwa, shifti ya masaa kumi na mbili, wenyewe tunaita kea. Marehemu babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni huku kwetu Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma, Myanmar ya leo) kupigana na Mjapani, mjukuu wake niko kea. Ukoo wetu umemhudumia mwingereza mara mbili, hapo katikati tulipumzika kidogo tu.

Zamani nilikuwa najibu chapchap, ndio wanawatupa, watu wanasikitika pale na kuridhika kidogo, tunaendelea na habari za mahindi na mbolea. Siku hizi nikiulizwa nasita. Tarehe moja mwezi wa kwanza ndo imeniharibia jibu langu.

Naishi Lincoln, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare kama Usangu ila yenye baridi ya kung'oa masikio. Wakati wa vita vya pili huku kote kulijaa viwanja vya ndege za mabomu, ndo zilikokuwa zinaruka usiku kwenda kupiga Ujerumani. Pale kilima cha Canwick kuna mnara wa chuma mwembamba umesimama juu kama bawa, una mita 31 na kidogo, ndo upana wa ndege ya Lancaster ukipima bawa hadi bawa, na kuuzunguka kuna kuta za chuma chenye kutu zimetobolewa majina ya waliokufa. Majina karibu 58,000 jamani. Nilipita hapo na basi zaidi ya mwaka mzima nikidhani ni mnara wa simu.

Sasa kuna mzee wangu mmoja pale kazini, tisini zimempita, kichwa kinamchezea, atakuuliza chai yake iko wapi na kikombe kitupu ameshika mwenyewe. Ananiita bata. Msishtuke, huku mkoani ndo lugha yao ya mapenzi, hata mwenye duka anakuita bata, mwanzo nilitaka kugombana. Huyu mzee alikulia Bardney, kijiji cha kama kilomita 15 kutoka hapa mjini, na mbele ya kijiji chao kulikuwa na kiwanja cha ndege za mabomu cha kikosi namba 9. Yeye mtoto wa miaka tisa. Chai ya dakika kumi zilizopita haikumbuki, ila ukimtajia Bardney anakaa wima kitandani kama mtu ameitwa jina lake shuleni.

Basi siku hiyo ya mwaka mpya nilikuwa shifti, tunalipwa dabo, mzee tangu asubuhi anataka kwenda Bardney, meneja akakubali, nikamfunga makoti mawili na blanketi nikamtia kwenye gari. Kijijini kwenyewe hakuna mtu barabarani. Kuna kiwanja kidogo cha majani na katikati pangaboi la ndege limejengewa kwenye mawe, mawe yenyewe yametolewa Norway huko Kåfjord, maana kikosi hicho ndo walikuwa wanaisaka manowari ya Hitler iliyokuwa inaitwa Tirpitz mpaka wakaizamisha na wenzao mwaka 1944. Mzee akataka kofia ivuliwe. Namwambia mzee baridi, anasema ivue. Nikaivua, akakaa na upara wake kwenye ule upepo, akanyoosha mkono akashika kile chuma, akasema leo ndo siku ya George Thompson.

Mimi nikadhani ndugu yake. Kumbe hajawahi hata kuongea naye.

Niliporudi nikasoma usiku kucha, bando likaisha nikanunua lingine. George Thompson alikuwa mtoto wa Scotland, amezaliwa 1920 huko Perthshire, kabla ya vita alikuwa anajifunza uuzaji kwenye duka la vyakula mji wa Kinross. Yaani muuza duka, kijana wa kupima sukari. Akaingia jeshi la anga, akawekwa kwenye mambo ya redio huku chini, baadaye akajitolea mwenyewe kuruka. Lancaster moja inabeba watu saba, na yeye ndo mtu wa redio, anakaa katikati na mashine zake, hana bunduki.

Tarehe 1 Januari 1945 mchana walitoka Bardney kwenda kupiga mfereji wa Dortmund-Ems Ujerumani, mfereji ambao mjerumani alikuwa anapitishia mizigo, akipigwa anaziba, akiziba anapigwa tena. Wameshaachia tu mabomu, mizinga ya chini ikawapata. Kombora moja limetoboa sakafu shimo kubwa katikati ya ndege, jingine limepasua pua, injini imeshika moto, upepo wa baridi unapita ndani kama kwenye bomba na simu ya kuongelea wao kwa wao imekufa. Thompson kuangalia juu anaona kile kibanda cha kioo cha mpiga bunduki wa mgongoni kinawaka, jamaa yuko ndani amezimia, na risasi zake zinalipuka zenyewe. Bunduki za rasharasha hizo, babu angesema bombom. Akaingia kwenye moto akambeba, anaitwa Potts, akapita naye pembeni mwa lile shimo, chini unaona Ujerumani, akamlaza, akaanza kuzima nguo za mwenzake zinazowaka kwa viganja vyake, vitupu.

Hapo mtu mwingine angeona imetosha. Sasa akaona na kibanda cha mkiani kinawaka, kuna mwingine huko, Price, hana nguvu ya kutoka. Ana mikono iliyobabuka, uso umeungua na miguu imeungua, akaenda. Akamtoa na yeye, akamzima moto na ile mikono ileile.

Halafu, na hapa ndo niliweka simu chini kwanza, akakumbuka rubani hajui kitu maana simu imekufa. Akaanza kurudi mbele, anashikilia ukuta wa ndege kwa vidole ambavyo sijui ngozi ilikuwa imebaki wapi, suruali imeungua, upepo unampiga kwenye vidonda, shimo lile tena, akafika kwa rubani. Rubani hakumtambua. Mtu wa ndege yake mwenyewe, wanaruka wote, na hakumjua ni nani. Wanasema na hali hiyo alikuwa bado anawaulizia wenzake.

Dakika 40 baadaye ndege ilianguka Uholanzi, kwa namna ya kutua. Potts hakupona. Price alipona. Thompson akalazwa wiki tatu, akafa tarehe 23 Januari, miaka 24. Kaburi lake liko Brussels. Mwezi uliofuata wakatangaza kumpa Msalaba wa Victoria, nishani ambayo kwa ushujaa vitani hawana kubwa zaidi ya hiyo.

Nimeyajua yote haya kwa simu, nimelala. Nyumba ya kumbukumbu ya pale kilimani wameweka orodha ya waliokufa kwenye mtandao, unaandika jina inakuletea kikosi, ndege gani na kaburi liko wapi. Na siyo mashujaa tu, kila mmoja, hata yule aliyekufa ndege ikianguka kwenye mazoezi. Watu kama laki moja na elfu ishirini na tano waliruka kwenye ndege za mabomu za waingereza, waliokufa ni zaidi ya 55,000, karibu nusu, wengi wao umri wa mtoto anayemaliza chuo.

Nikaandika jina la babu. Najua ni ujinga, babu hakuwa mwanaanga na hakufia vitani, nilijikuta tu naandika.

Maana siku hiyohiyo Thompson anaungua, babu yangu alikuwa Bama au ndo anatoka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye masika ya huko, mvua kwa miezi, malaria, ruba, wanyama wa mizigo wanazama kwenye matope, wakafika Kalewa mwezi wa kumi na mbili. Babu alikuwa anasimulia matope tu. Vita hakusimulia, matope na ruba. Na kitu kimoja kingine, alikuwa anasema kuna meli iliwatangulia kutoka Mombasa ikamezwa. Sisi watoto tukajua ni hadithi ya nyangumi, kama Yona. Jioni ile nikatafuta, meli ipo. Khedive Ismail, iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo, tarehe 12 nyambizi ya Mjapani ikaipiga karibu na Maldives, ikazama chini ya dakika mbili, karibu watu 1,300, na humo kulikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Nimesoma shule Tanzania mpaka kidato cha sita, historia nilipata B, hiyo meli hakuna mwalimu aliyewahi kuitaja.

Nishani ya babu, ile nyota ya Bama, ilikuwepo. Baba mdogo aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pamoja na rimu ya baiskeli na jiko bovu. Hakuiuza kwa shida. Ilikuwa kwenye kopo la misumari naye hakulimwaga, kaipimisha na misumari yake.

Kwa hiyo watu wakisema mkoloni ndo alitufuta mimi nakubali nusu. Alitufuta kweli, tume yao wenyewe ya makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wa vita vya kwanza zaidi ya laki moja, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao kama walivyoandikwa wazungu. Wa kwetu wengi ndo wapagazi wa Carrier Corps, ndo Kariakoo hiyo mnakonunulia mabegi. Na sisi tulikuwa na sababu zetu za kutaka kuisahau Keya, lilikuwa jeshi la mkoloni, halafu waliorithi kambi zake wakaasi Januari 1964 pale Colito, ndo Lugalo ya leo, Mwalimu akalivunja jeshi lote akaanza upya na JWTZ. Ni nani angesimama mwaka huo kuwajengea mnara wazee wa Bama? Naelewa kabisa. Lakini kopo la misumari halikuwa la mkoloni, lilikuwa letu, na mimi nimekaa na babu miaka kumi na nne sikumuuliza hata alikuwa batalioni gani.

Na msidhani huku ni malaika. Hawa wa ndege za mabomu walionewa aibu miaka mingi na nchi yao, mnara wao wa London umezinduliwa 2012, wengi wao wameshakufa. Aibu yenyewe ina msingi, Hamburg 1943 walichoma watu elfu thelathini na kitu kwa siku chache, wamama na watoto wengi, na mnara hauwaondoi wale. Mzee wangu mwenyewe nilimuuliza, akasema waliojua kinachotokea kule chini ni wale walio chini. Halafu akauliza chai.

Huyo mzee anajua majina ya watu saba wa ndege ile, ila binti yake hajaja tangu mwezi wa nane. Yuko Australia, anapiga simu ya video Jumapili, mzee anaangalia pembeni kwenye kona ya skrini. Siku yake ya kuzaliwa tulimwimbia sisi, mimi, mfilipino mmoja na dada wa Nigeria. Babu yangu hajawahi kulala nyumba tupu hata siku moja, alikufa sebule imejaa watu, wengine wamelala mpaka kwenye stoo ya mahindi, na matanga tulianua kwa ng'ombe. Hilo sitalisema vibaya kamwe na nikizeeka nisizeekee huku, Mungu anisaidie.

Ila wakiniuliza sasa hivi nani ametupwa, sijibu.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Maana babu alikuwa na namba yake ya jeshi, akishapata ulanzi anasimama uani anaitamka kwa sauti ya gwaride, namba, cheo, jina, na sisi watoto tunaitikia tukicheka, ulikuwa mchezo wetu. Nikamwambia shangazi we si ulikuwa unaijua yote? Akacheka sana, akasema ngoja nikutumie voisi nikiwa peke yangu, hapa watoto watanishangaa. Ikaja usiku. Anaanza kama babu kabisa, ile sauti ya kupasua, kuku wanasikika nyuma, tatu, sifuri, saba, moja, halafu anakwama. Anaanza tena. Tatu, sifuri, saba, moja. Kimya. Anasema subiri, ilikuwa kama inapanda hapo, inapanda, voisi ikakatika.

Nimeziandika hizo nne nyuma ya kitabu cha shifti. Kesho shangazi anaenda Kilolo kwa mjomba wao, yule anayesikia kwa sikio moja, anasema yeye alikuwa anaitamka vizuri zaidi.