Kura ya urais ingoje, tuanze na mgao wa kaunti

Kila uchaguzi ukiisha Kenya, mjadala huwa ule ule: tubadilishe namna ya kumpata rais. Huyu anataka achaguliwe na Bunge, yule anataka cheo cha waziri mkuu kirudi. Mimi naona tunashika mkia, ng'ombe anakwenda.

Tazama Kifungu cha 138 cha Katiba. Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47, asije akawa rais wa kwao tu. Mwaka 2022 Ruto alifikisha robo hiyo katika kaunti 39, Raila 34. Nchi ikapasuka katikati hata hivyo: asilimia 50.49 kwa 48.85. Pandisha sharti hadi kaunti 30, bado wote wawili wangepita. Kinachopiganiwa ni Hazina, na kila mpiga kura analijua hilo.

Katiba inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ila hesabu zinazotumika ni zile zilizokwisha kukaguliwa na kupitishwa na Bunge, ambazo huwa za miaka ya nyuma. Mwaka wa fedha wa 2024/25 ziliahidiwa shilingi bilioni 400.1. Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, ulipoanguka, zikapunguziwa hadi bilioni 387.4. Hata hizo huchelewa, mishahara inakwama, wauguzi wanagoma, na gavana anafunga safari ya Nairobi kubisha hodi. Ndiyo maana eneo lisilo na mtu wake Ikulu hulala na wasiwasi.

BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba, ilitaka mgao ufike asilimia 35, lakini wakaufungasha pamoja na vyeo vya wakubwa. Mahakama ya Juu ilipouzima mchakato huo Machi 2022, hiyo 35 pekee ndiyo niliyoisikitikia.

Magavana nao wasijifiche hapo. Nenda kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti: kabrasha nene la Kiingereza linagawiwa mlangoni asubuhi hiyo hiyo, mama anauliza habari za bomba la maji, anajibiwa "tumeandika", kisha soda. Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kaunti nyingi hazifiki.

Atakayetuletea tena kura ya maoni aanze na Kifungu cha 203, cha mgao. Huko kwingine tutazungumza baadaye.