Piriton ya usiku, ndege ya asubuhi

Rubani wa ndege ndogo akishikwa na mafua usiku hapa Mwanza, duka la dawa la mtaani litampa Piriton bila kumuuliza anafanya kazi gani. Asubuhi ana abiria wa Bukoba. Aruke?

Wapo wanaosema jibu liko kwenye simu yake. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, imeweka wazi orodha ya dawa zinazomzuia rubani kuruka, pamoja na kanuni nyepesi: baada ya kumeza dozi ya mwisho, subiri mara tano ya muda unaotenganisha dozi na dozi. Dawa ya kila saa 6 inakupa saa 30. Saa nne usiku, daktari hapatikani, hilo si jambo dogo.

Ila tuipime kanuni hiyo kwa Piriton yenyewe. Ndani yake mna klorofeniramini, dawa ya aleji inayoleta usingizi. Kwa hesabu ya mara tano, nayo ikiwa ya kila saa 6, saa 30 zinatosha. Mwongozo wa FAA kuhusu dawa hiyo unadai siku 5, maana hubaki mwilini hata baada ya usingizi kukutoka. Aliyeishia kwenye kanuni atarudi angani karibu siku nne kabla ya wakati. Tena loratadini inakubaliwa, setirizini haikubaliwi, na dukani zote mbili ni "za aleji" tu.

Halafu leseni ya hapa hutolewa na TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, si FAA, na mwenye neno ni daktari aliyeidhinishwa nayo. Marubani wengine humkwepa. Siwashangai: swali moja laweza kukuweka chini, na siku usiyoruka huenda isilipwe. Hata hivyo, naona orodha inafaa kukukataza, haifai kukuruhusu.

Chukua malaria, mgeni asiyekauka kandokando ya ziwa. Dawa mseto ni asubuhi na jioni kwa siku 3. Kanuni za kimataifa za leseni zinamkataza rubani kurusha ndege akijua afya yake imepungua, hata kama dawa haina tatizo. Siku ya nne vidonge vimekwisha, homa imeshuka, na bado mtu anapanda kilima cha Bugando akisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Orodha haimwoni.