Pori la Kanada na watu waliotolewa ndani yake

Picha ya Ziwa Moraine, lililo katika Milima ya Rocky magharibi mwa Kanada, iliwahi kuchapwa nyuma ya noti ya dola 20 ya nchi hiyo. Maji yake ni ya rangi ya feruzi, rangi inayotokana na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, na nyuma yake vimejipanga vilele kumi. Huoni nyumba wala mtu. Waandishi wa safari wakifika hapo wengi huishia kusema lilelile: hapa mkono wa binadamu haujagusa kitu.

Ni rahisi kuamini hivyo. Kanada ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni 10, ya pili duniani baada ya Urusi, na wakazi wake wengi wamebanana karibu na mpaka wa Marekani. Lakini ardhi iliyobaki ilikuwa na wenyewe, na ndipo ulipozaliwa ubishi ambao haujaisha hadi leo: hifadhi za taifa za nchi ile ziliiokoa ardhi, au ziliwanyang'anya watu?

Tuanze na Banff, hifadhi ya kwanza, ambamo ziwa hilo limo. Mwaka 1883 wafanyakazi wa reli walikuta pango lenye chemchemi ya maji moto. Miaka miwili baadaye serikali ikatenga kilomita za mraba 26 kuizunguka, na mwaka 1887 eneo likapanuliwa na kupewa sheria yake. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilikuwa imetumia fedha nyingi kupasua milima ile, ikahitaji abiria. Hoteli yake kubwa ikafunguliwa Banff mwaka 1888. Kwa maneno mengine, hifadhi ya kwanza ya Kanada ilianza kama biashara ya mabafu na tiketi za treni, na habari ya kulinda wanyama ilikuja nyuma.

Wastoney Nakoda, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliwinda katika mabonde hayo tangu enzi na enzi. Mwaka 1877 walitia saini Mkataba wa 7 na serikali, wakiamini kwamba uwindaji wao utaendelea. Hifadhi ilipokua, walipigwa marufuku kuwinda humo kwa madai kwamba wanamaliza wanyama. Wawindaji wa kitajiri waliolala hotelini nao walikuwa wanataka wanyama haohao, tena kwa ajili ya pembe za kutundika ukutani. Halafu, watalii walipotaka kitu cha kutazama, Wastoney Nakoda walialikwa tena kila kiangazi, safari hii wakiwa na mavazi ya manyoya na ngoma, kwenye sherehe iliyodumu hadi miaka ya 1970. Hapo ndipo mtu anapochoka: kuwinda hapana, kuchezea wageni ngoma karibu.

Wanaozitetea hifadhi, hata hivyo, wana hoja nzito, na haifai kuzipita juu juu. Ukitoka nje ya mipaka ya hifadhi za Alberta, jimbo ilimo Banff, unakutana na misitu iliyofyekwa, machimbo ya makaa na visima vya mafuta. Sheria ya mwaka 1930 ilipiga marufuku uchimbaji mpya wa madini ndani ya hifadhi za taifa, na bila sheria hiyo sioni ni nini kingezuia mashimo hayo yasifike Banff. Kuna pia Wood Buffalo, iliyoanzishwa mwaka 1922 kwa ajili ya baisani, yule nyati wa Amerika aliyechinjwa hadi akakaribia kutoweka. Hifadhi hiyo ina karibu kilomita za mraba 45,000, mara tatu ya Serengeti. Mwaka 1954 ndipo ilipogundulika kwamba humo ndimo wanamotaga korongo weupe wa Amerika, ndege ambao mwaka 1941 walikuwa wamebaki wasiofika 25 porini. Leo kundi hilo lina mamia. Anayesema hifadhi hazikuokoa kitu akawaeleze korongo hao.

Ila kilichookoa ni nini hasa? Hapa naachana na watetezi. Ndani ya Banff hiyohiyo, wakati Wastoney Nakoda wakikamatwa kwa kuwinda, kampuni ya reli ilichimba makaa ya mawe Bankhead kuanzia 1903 hadi 1922, kukiwa na mji kamili wa wachimbaji. Ziwa Minnewanka lilijengewa bwawa la umeme. Kule Wood Buffalo, kati ya 1925 na 1928 serikali ilileta baisani zaidi ya 6,000 kutoka kusini, nao wakaingia na kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba, maradhi yanayolitesa kundi hilo mpaka sasa. Wadene wengi, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi humo, walinyimwa ruhusa ya kuwinda na kutega, wakahama. Bwawa la Bennett lililokamilika mwaka 1968 kwenye Mto Peace, mbali na hifadhi, likavuruga mafuriko yaliyokuwa yakilisha delta yake. Upande wa juu wa Mto Athabasca, unaotiririka kuelekea hifadhini, kuna machimbo ya mchanga wa mafuta. Mpaka uliweza kumsimamisha Mdene na mtego wake. Maji ya machimbo haukuyaweza. Mwaka 2014 Wakree wa Mikisew, wenyeji wengine wa asili wa huko, ndio waliokwenda kuishtaki hali hiyo UNESCO.

Kwa hiyo naona mambo mawili yamefungwa pamoja bila sababu. Kuzuia shoka, mgodi na bwawa kulifaa. Kuwatoa watu hakukuongeza chochote. Wala hawakutolewa wenyeji wa asili peke yao: mwaka 1969, ilipoundwa hifadhi ya Kouchibouguac kule jimbo la New Brunswick, zaidi ya watu elfu moja, wengi wao Waakadia wanaosema Kifaransa, walihamishwa, na mvuvi Jackie Vautour akakataa kuondoka hadi kifo chake mwaka 2021.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959 wakaahidiwa Ngorongoro, na tangu 2022 baadhi yao wamehamia Msomera, Handeni. Kwa haki, hoja ya serikali kwamba watu na mifugo wameongezeka mno Ngorongoro haina mfano wake Banff ya mwaka 1890, kwa hiyo kesi hizi mbili si za kulinganishwa kwa kila kitu.

Njia nyingine ipo, na Kanada yenyewe imeijaribu. Mwaka 1985 Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa vya Kanada katika Bahari ya Pasifiki, walikaa katikati ya barabara ya wakata miti katika Kisiwa cha Lyell. 72 kati yao walikamatwa. Mwaka 1993 wakasaini mkataba wa kuisimamia hifadhi ya Gwaii Haanas pamoja na serikali, kwenye bodi ambamo kila upande una viti sawa. Ukifika kijiji cha kale cha SGang Gwaay unapokewa na walinzi wa Kihaida. Wageni wasiozidi 12 kwa wakati mmoja hupita kwenye njia zilizopangwa makombe meupe, kandokando ya nguzo za mwerezi zilizochongwa, ambazo zinaachwa zioze zenyewe kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka.

Wapinzani watasema hayo yanawezekana kisiwani kusikofikika, siyo Banff inayopokea zaidi ya watu milioni 4 kwa mwaka huku barabara kuu ikipita katikati. Wana haki kiasi. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kufika Ziwa Moraine, maana foleni ilikuwa imezidi, na bodi ya viti sawa isingeiondoa foleni hiyo. Lakini kuhusu nani awinde, wapi moto wa makusudi uwashwe kupunguza kuni kavu msituni, na nani aajiriwe kuwa askari wa hifadhi, sijaona sababu ya Wastoney Nakoda kutokuwa mezani.

Mfano unaonishawishi zaidi uko kaskazini, kwenye Ziwa Kuu la Watumwa (Great Slave Lake). Mwaka 1970 serikali ilitaka kuweka hifadhi huko, na kijiji cha Łutsël K'é kikakataa. Kilikubali mwaka 2019, ilipozaliwa Thaidene Nëné, baada ya kuhakikishiwa kwamba watu wake wataendelea kuwinda na kuvua, kwamba walinzi wake wa Kidene watakuwa kazini humo, na kwamba kutakuwa na mfuko wa dola milioni 30, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka kwa wafadhili.