Soketi Usawa wa Kifua

Tulikwenda kuiona ile nyumba mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na uani vumbi tupu. Mtaa wenyewe uko bondeni, si mbali na Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Vyumba vitatu, ukumbi, jiko la uani na mwembe mmoja. Kuta zote zilikuwa na rangi mpya, harufu yake bado haijatoka. Mume wangu aliona soketi za umeme zimewekwa juu, usawa wa kifua, akafurahi. "Hawa walikuwa na watoto wadogo," akaniambia, "wamefanya la maana." Mimi nikaona kizingiti cha mlango wa mbele kimejengwa kwa saruji, kirefu mpaka lazima unyanyue mguu. Nikadhani ni cha kuzuia panya.

Masika yakaingia. Usiku wa tatu wa mvua niliteremka kitandani kwenda kumtazama mtoto, mguu ukazama majini. Maji yalikuwa yanarudi kwa njia ya choo, karo, lile shimo la maji machafu, limejaa, na ya barabarani nayo yameshakiruka kile kizingiti. Asubuhi tulitoa nje godoro, gunia la mchele na vitabu vya skuli, vyote havifai. Nyumba ilipokauka, rangi ikaanza kubanduka, na chini yake ukatokea mstari wa rangi ya chai, umenyooka kama umepigwa kwa rula, umeuzunguka ukumbi mzima. Chini ya mstari huo ulikuwepo mwengine, na chini yake mwengine tena. Ukuta ulikuwa umeweka hesabu ya masika yake yote, nasi tulikuwa tumeuziwa kurasa zilizofunikwa.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja kutupa pole na birika la chai. "Poleni, wanangu," akasema. "Sisi tulidhani mnajua. Tukasema labda wamepunguziwa bei."

Hatukupunguziwa hata shilingi.

Mume wangu alipoonana na aliyetuuzia alimuuliza kwa adabu zote: "Ami, mbona hukutwambia habari ya maji?" Mzee hakukasirika wala hakukana. Akajibu taratibu, "Mwanangu, hukuniuliza."

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu, na naandika leo kusema kwamba halikubaliki. Wa kusema ni yule anayejua. Mnunuzi anaingia nyumba ile kwa nusu saa mchana wa jua. Muuzaji amelala humo masika kumi. Kumtaka yule wa nusu saa abuni maswali yote ambayo yule wa miaka kumi ana majibu yake, na akikosa swali moja basi hasara ni yake, hiyo ni dhulma, hata ikifanywa kwa sauti ya upole.

Nimehudhuria mauziano ya nyumba mara kadhaa, ya ndugu na ya majirani, na siku ya kuandikishana mambo ni yale yale. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, yupo, mashahidi wapo, pengine na wakili. Inaulizwa kama nyumba ni ya huyu kweli, kama ni ya urithi basi warithi wote wameridhia, kama haina rehani, kama si wakfu. Maswali hayo ni ya lazima, na kila aliyewahi kuona ndugu wa baba mmoja wakifikishana Mahakama ya Ardhi anajua kwa nini tunayauliza kwa makini. Lakini juu ya nyumba yenyewe, paa lake, karo lake, maji yake, sijasikia swali hata moja. Linaandikwa neno "nyumba", mipaka yake minne na bei, basi.

Na kwetu hapa ndipo pa kustaajabu zaidi. Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992 imeshikilia msingi huo huo. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia ardhi, pamoja na alichokijenga au kukipanda juu yake. Kwa hivyo tukitoa fedha zetu, sehemu kubwa tunalilipia jengo. Kama ni hivyo, jengo ndilo lilistahili kuulizwa kwanza.

Nadhani najua kinachotufunga mdomo. Sisi tumelelewa katika sitara. Mtu akikosea unamsitiri, jirani akiwa na njaa hatangazi, na aibu ya nyumba haitoki nje ya mlango. Ni malezi mazuri, nami nawalea wanangu hivyo hivyo. Lakini tumeyachukua yanayomhusu binaadamu tukayapaka ukutani. Muuzaji anaona kutaja ufa wa nyumba yake ni kujivunjia heshima, na mnunuzi anaona kuuliza sana ni kumtuhumu mtu mzima uongo. Tunaagana kwa kheri na mikono ya baraka, kumbe katikati yetu kuna kitu kimefichwa.

Wakati dini iliyotufundisha sitara ndiyo hiyo hiyo iliyokataza jambo hili, tena kwa kisa ambacho kila aliyesoma chuo cha Kurani amekisikia. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenyewe ni nini hiki. Yule akasema imepigwa na mvua. Akamwambia: mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Nilikuwa nakijua kisa hicho tangu utotoni, ila sikukielewa mpaka niliposimama ukumbini kwangu nikiutazama ule mstari wa rangi ya chai. Yule mfanyabiashara hakuulizwa kwanza na mnunuzi ndipo akalaumiwa. Alilaumiwa kwa kuweka kikavu juu na kibichi chini.

Mafakihi wakajenga juu ya msingi huo kinachoitwa hiari ya aibu: ukikuta kitu kina kasoro iliyokuwepo kabla ya kukinunua na hukuijua, unayo haki ya kukirudisha. Neno ni lile lile, aibu. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi hiari hiyo ina haraka yake. Ukishaijua kasoro ukaendelea kukitumia kitu, umehesabika umeridhika. Sisi tulikuwa tumeshakaa miezi minane, tunapika na kulala humo humo, siku tuliyomsikia maalim akilisomesha jambo hili. Tungelihamia wapi? Mtu aliyemaliza akiba yake kwa kununua nyumba hana nyumba nyengine ya kwenda kukaa akidai haki ya kuirudisha ya kwanza. Ndiyo maana nasema haki ya baada ya mauziano peke yake haitoshi. Maneno yatangulie, na yatangulie kwa maandishi.

Msidhani ni suala la mitaa ya bondeni tu. Chukueni Mji Mkongwe. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Boriti aghalabu haianzi kuoza pale katikati unapoiona ukiwa umelala chali. Inaanzia kichwani, palipoingia ukutani, maji ya paa yanapopenya. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, ukuta unapendeza siku ya kuuza, lakini unyevu umefungiwa ndani na hauna pa kutokea. Mnunuzi ataona nini? Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo. Mawe yale hayana sauti ya kuonya, na anayekaribia kuwa na sauti ni yule aliyeishi humo, aliyeweka ndoo chini ya dari kila vuli. Tena mji ule uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na ujenzi wake una ruhusa zake. Aliyeongeza chumba juu ya paa bila ruhusa akauza, amemuuzia mwenzake kesi.

Kwa Pemba mambo yana sura nyengine. Huko, kama ilivyo Unguja mashamba, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Unaweza kununua nyumba nzuri, halafu msimu wa karafuu ukafungua mlango wa uani ukamkuta mtu na ngazi yake, anapanda mkarafuu wa babu yake, na haki anayo. Muuzaji alikuwa anamkaribisha kila mwaka kwa chai. Hakuona kama ni la kusemwa.

Wenzetu wa mbali wamelifikia jambo hili kwa njia ndefu. Marekani nzima, kwa sheria ya 1992, anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima amwambie mnunuzi anachokijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Kilichonifunza zaidi ni New York. Sheria yao iliyoanza kutumika 2002 ilimtaka muuzaji ajaze fomu ya hali ya nyumba, lakini ikamwachia kichochoro: asipoijaza, ampunguzie mnunuzi dola 500. Ikawa desturi mawakili kuwashauri wauzaji watoe hizo dola 500 wanyamaze. Imechukua miaka zaidi ya ishirini. Kichochoro kile kimezibwa Machi 2024, na fomu ikaongezewa maswali ya mafuriko. Kwa hiyo tukitunga letu, tusiweke bei ya kununua ukimya.

Ninachokitaka si kikubwa. Karatasi moja, kwa Kiswahili cha kila siku, iambatane na hati ya mauziano pale pale mbele ya sheha, muuzaji aitie saini au dole gumba na mnunuzi abaki na nakala. Maji huingia, na yanafika wapi? Karo liko wapi, na lilifurika lini mara ya mwisho? Paa linavuja? Nyumba imewahi kupigwa alama ya kuvunjwa kwa ajili ya barabara? Miti ya uani ni ya nani? Nani ana haki ya kupita? Kilichoongezwa kilipata ruhusa? Kamisheni ya Ardhi ina uwezo wa kuitayarisha, na Baraza la Wawakilishi linaweza kuifanya iwe sharti. Na dalali naye atie saini yake, kwa sababu mara nyingi anaijua nyumba kuliko wote, ameshaiuza mara mbili.

Nimeambiwa hili litawaumiza warithi, hasa kina mama waliorithi nyumba wasiyowahi kukaa. Haliwaumizi. Karatasi inauliza unachokijua tu. Anayeandika "sijui" kwa ukweli amesema kweli, na mnunuzi akiliona neno "sijui" atajua pa kumpeleka fundi. Nimeambiwa pia kwamba bei zitashuka. Za nyumba zinazoingia maji zitashuka, ndiyo. Kwani hiyo ndiyo bei yake. Ile ya juu ilikuwa ya nyumba kavu.

Mwaka huu tumeamua kuiuza. Tulipiga rangi, ila tumeuacha mkanda mmoja wa ukuta wa ukumbini vile vile ulivyo, na mistari yake. Karatasi niliiandika mimi mwenyewe, kurasa mbili za daftari la skuli: maji yamefika hapa, karo lilizibuliwa mwezi fulani, mwembe ni wetu na tunauacha. Mteja wa kwanza aliisoma akaaga, hakurudi. Wa pili kijana mmoja alikuja na baba yake. Mzee hakutazama karatasi. Aliinama penye ule mkanda, akapima kutoka sakafuni kwa shibiri yake: shibiri mbili na vidole vitatu. Akauliza, "Na upande wa jikoni, mwanangu?"

Nikampeleka.