Kompyuta ndogo inatosha kwa msomaji

Wiki iliyopita mhadhiri mmoja wa hapa Lubumbashi alimwambia mwanafunzi wake, mbele ya wenzake, kwamba kompyuta yake ndogo ya kukunja (netbook), yenye skrini ya inchi 10, ni kitu cha kuchezea watoto, na kwamba anayetaka kusoma kwa dhati anunue mashine ya maana. Kijana huyo aliinunua ikiwa mtumba, kwa fedha alizopata akiuza vocha barabarani. Maneno hayo yameniudhi sana, kwa sababu kwa kazi ya kusoma, na hasa kwa mtu anayesafiri, kijana alichagua vizuri kuliko wengi wetu.

Kozi zetu nyingi hutufikia kama PDF zilizopangwa kwa ukurasa wa A4, wenye upana wa sentimita 21. Ukizifungua kwenye simu, ama utasoma herufi ndogo zinazoumiza macho, ama utaukuza ukurasa na kuusukuma kulia na kushoto kwa kila mstari, hata ukifika mwisho wa sentensi umekwisha kusahau ilivyoanza. Kompyuta ya inchi 10, picha yake ikizungushwa nyuzi 90 na yenyewe ikashikwa wima, inakupa ukurasa wa upana wa sentimita 13 hivi na urefu wa 22. Ukikuza kidogo ili kingo nyeupe zitoke, mstari mzima unaenea na macho yanatulia. Ukiirudisha mezani una kibodi, nawe unaandika maelezo yako kando ya unachosoma, jambo ambalo aliyewahi kuandaa tasnifu kwa simu anajua thamani yake. Wahadhiri wangetusaidia zaidi kama wangetoa kozi zao kwa EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga upya kufuata upana wa skrini, kuliko kuwaaibisha wasio na fedha.

Njiani ndipo mashine hizi zinapostahili heshima. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, Kolwezi ni kama 300, na malori ya madini yanaweza kukuzuia saa nyingi mahali pasipo na mtandao. Anayepanda treni ya Kamina ajiandae kwa kungoja zaidi ya hapo. Kwa programu ya bure ya Kiwix, inayosoma Wikipedia bila mtandao, Wikipedia ya Kifaransa bila picha inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya GB 64 na nafasi inabaki, mradi uipakue kabla ya kuondoka. Kadi hiyo ipangwe (format) kwa mfumo wa faili wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, na wengi wamekata tamaa hapo bila kujua sababu.

Umeme nao tunaujua. Mashine ndogo hula wati chache, na baadhi ya Eee PC, kompyuta ndogo za Asus, kama ile 901 ya mwaka 2008, zilichajiwa kwa volti 12, kiasi kwamba betri ya sola ya nyumbani inaweza kuzilisha kupitia kifaa cha kutuliza volti.

Nakubali kwamba skrini nyingi za mashine hizi hazisomeki juani, ingawa XO, kompyuta ndogo ya watoto wa shule ya mwaka 2007, ilionyesha kwamba kusomeka juani kunawezekana, na kwamba tableti ni nyepesi zaidi mkononi. Nakubali pia kwamba mashine za kwanza zimechoka: Eee PC 701 ilikuwa na skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 4 tu, na prosesa za biti 32, za kizamani, zinaachwa hata na Linux, mfumo endeshi wa bure, kwani Debian 13, toleo lake mojawapo lililotoka 2025, haisakinishwi tena kwenye prosesa hizo. Kwa hiyo anayenunua leo atafute ya inchi 10 au 11.6 yenye prosesa ya biti 64, aulize kama kumbukumbu yake inaweza kuongezwa, na aiwashe bila chaja kwa nusu saa mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha.