"Kibofu chako kimelowa"

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha fursa za biashara na elimu na nchi za Asia, ukumbi mmoja pale Capri Point. Kiyoyozi, maji ya chupa, viti vimevalishwa kama maharusi. Saa tatu nzima, na hakuna aliyetaja neno bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara. Mwanza hii hii!

Nikatoka nikapitiliza soko la samaki la Mwaloni kwa shangazi yangu. Nikamkuta na mnunuzi wa Kichina, kati yao mzani na simu inayotafsiri. Yule bwana akabonyeza bondo, akaiambia simu kitu, simu ikatamka kwa sauti ya mtangazaji: "Kibofu chako kimelowa."

Soko zima likaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Mabondo yale kayaanika siku nne, na maana ya sentensi ile anaijua: bei inashuka.

Sangara tunamvua sisi. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, bondo linakwenda Hong Kong kuwa supu ya wenye nazo, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hayo tumeshayalalamikia sana. Ila niambie, nani pale Mwaloni anajua bondo la gramu mia linauzwaje dukani kule, au nani huko anapanga madaraja ya ubora? Kila mwaka vijana wetu wanakwenda China kwa ufadhili. Wengi wanaanza na mwaka mzima wa Kichina kabla hata ya kugusa masomo yao. Mwaka mzima! Wanarudi na digrii, wanaiweka kwenye bahasha ya kaki, wanazunguka nayo maofisini mpaka inachanika pembeni. Kile Kichina hakuna anayewauliza, wakati mwendo wa daladala moja kuna mama anatapeliwa na simu.

Sawa, daraja la Kigongo–Busisi wamejenga Wachina, na mimi niliyekuwa nasota foleni ya kivuko nikienda Sengerema, sina ubavu wa kulisema vibaya. Meli ya MV Mwanza imepita mikononi mwa Wakorea. Chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India kina tawi Zanzibar tangu 2023, hongera zao. Na dengu za Kwimba zinangoja India iamue kama mwaka huu inanunua au inapandisha ushuru. Lakini ushirikiano unaoishia kwenye kukata utepe haumsaidii mtu anayepangiwa bei kwa lugha asiyoisikia.

Kwa jirani yetu Igoma kuna kijana kasoma Wuhan, sasa anaendesha bodaboda. Jumamosi nikambeba, au tuseme yeye ndiye alinibeba, hadi Mwaloni. "Shikamoo shangazi," halafu akamgeukia mnunuzi na kuongea, taratibu, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumbani. Yule bwana akamtazama sana. Kisha akaichukua simu yake juu ya meza, akaitia mfukoni.

Bei waliyofikia shangazi kanikataza kuiandika.